Somo kwa Vyama vya Mafundi Seremala: Kutengeneza Picha ya Mbao Isiyo na Mshono

Biashara ya samani huanza kabla msumeno haujagusa ubao. Mnunuzi anayetaka meza ya watu 8 hutaka kwanza kujua meza hiyo itakuwaje, na fundi naye hutaka kuwa na hakika kwamba mnunuzi hatageuka baada ya mbao kukatwa. Mbao ya mninga iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja ni vigumu kumuuzia mwingine, na hasara yake huangukia fungu la wanachama wote.

Chama chenye kompyuta moja ofisini na simu yenye kamera kinaweza kupunguza hasara hiyo. Mchoro wa meza hutengenezwa katika kompyuta, kisha hufunikwa kwa picha ya mbao yenyewe, na mnunuzi huona rangi na mistari kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Ila kuna taabu moja: ubao uliopigwa picha ni mdogo kuliko meza. Picha hiyo ikirudiwa ili ienee juu ya meza nzima, kila inapokutana na mwenzake huonekana mshono, na meza hufanana na shuka lililotiwa viraka. Somo hili linaeleza asili ya mshono huo, namna ya kuuondoa, na wajibu wa chama kwa mnunuzi anayeiamini picha.

1. Asili ya mshono

Picha katika kompyuta ni safu za nukta ndogo za rangi ziitwazo pikseli. Programu inapotakiwa kufunika uso mkubwa kwa picha ndogo, huipanga picha hiyo mara nyingi kama fundi anavyopanga vigae sakafuni. Ukingo wa kulia wa kigae kimoja hukutana na ukingo wa kushoto wa kigae kinachofuata. Ukingo wa chini hukutana na ukingo wa juu. Katika ubao halisi kingo hizo hazikuwa jirani hata siku moja. Mstari uliokatika upande mmoja haupati mwenzake upande wa pili, na hapo ndipo jicho linapokwama.

Jambo hili si geni. Wachapaji wa vitenge kwa rola wanajua kwamba ua lililokatwa mwishoni mwa mzunguko lazima liungane na nusu yake mwanzoni mwa mzunguko unaofuata. Ama sivyo jora zima litaonyesha mstari kila rola inapomaliza kuzunguka. Karatasi yenye sura ya mbao inayotumika juu ya meza za fomaika huchapwa kwa kanuni hiyo hiyo.

2. Vifaa vinavyohitajika

Kazi hii yahitaji simu yenye kamera, kompyuta, na programu ya kuhariri picha. Somo hili linatumia programu iitwayo GIMP. Programu hiyo ilianzishwa na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ikatolewa kwa umma mwaka 1996. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Hutolewa bure, na hakuna ada ya mwaka, kwa hiyo kamati haina haja ya kutenga fedha kwa ajili yake. Chama ambacho tayari kina programu nyingine, kama Photoshop, kitaona kwamba kanuni ni zile zile.

3. Kuchagua ubao na kuupiga picha

Nusu ya kazi humalizika hapa. Gogo likipasuliwa kutoka ganda kuelekea moyoni, uso wa ubao huonyesha mistari iliyonyooka. Likipasuliwa pembeni mwa moyo, msumeno huikata miduara ya ukuaji kwa mgongo wake, na uso wa ubao huonyesha matao yaliyopandana kama vilima. Kwa fundi anayejifunza, ubao wa mistari iliyonyooka ndio unaofaa, kwa kuwa tao lililokatika ni gumu kuliunganisha bila kuharibu umbo lake.

Ubao na upigwe randa, usuguliwe kwa msasa, na upakwe vanishi ile ile itakayopakwa kwenye samani. Ubao mbichi usiopakwa kitu una rangi nyingine kabisa, na picha yake itamdanganya mnunuzi. Uchaguliwe ubao usio na fundo wala sehemu nyeupe ya nje ya mti.

Picha ipigwe nje, kivulini, mchana. Jua kali huleta mng'ao juu ya vanishi, na taa ya simu huacha doa jeupe katikati. Simu ishikwe sambamba na ubao, ili ncha zote mbili ziwe mbali nayo kwa kiasi kimoja. Mpigaji asisogee karibu mno, maana lenzi hupinda mistari iliyo pembeni. Ni heri arudi nyuma kidogo, kisha akate sehemu ya katikati. Upande mmoja ukionekana mweusi kuliko mwingine, picha ipigwe upya. Kurudia picha huchukua dakika moja. Kusawazisha mwanga mbaya katika kompyuta huweza kuchukua siku nzima.

Katika mfano wa somo hili, sehemu iliyokatwa ni ya ubao wenye upana wa sentimita 25 na urefu wa sentimita 50, mistari ikielekea juu na chini. Katika programu, picha hiyo hupunguzwa iwe pikseli 1024 kwa upana na 2048 kwa urefu.

4. Kuleta mshono katikati

Mwanafunzi wengi hudhani kwamba dawa ni kurekebisha kingo za picha pale pale zilipo. Haiwezekani, kwa sababu anayeutazama ukingo mmoja haoni ule utakaokutana nao. Njia iliyo sahihi ni kuzileta kingo zote katikati, mahali zinapoonekana pamoja.

Katika menyu ya Layer kuna amri iitwayo Offset. Amri hiyo husogeza picha nzima, na kile kinachotoka upande mmoja huingia upande wa pili, mradi fundi amechagua picha izunguke badala ya kuacha pengo. Picha ya mfano wetu husogezwa pikseli 512 kwenda kulia na 1024 kwenda chini, yaani nusu ya upana na nusu ya urefu.

Yafaa kila mwanachama aelewe kilichotendeka. Kabla ya kusogeza, safu ya 512 na safu ya 513 zilikuwa jirani katikati ya ubao. Baada ya kusogeza, safu ya 513 imekuwa ya kwanza kushoto na safu ya 512 imekuwa ya mwisho kulia. Picha zikipangwa sasa, safu hizo mbili zitakutana tena kama zilivyokuwa katika ubao wenyewe, bila kasoro. Kingo mpya ni salama. Kasoro yote imehamia katikati, nayo huonekana kama msalaba: mstari mmoja umesimama, mwingine umelala.

5. Kuziba mshono

Mikono miwili ya msalaba huo hailingani kwa uzito. Mshono uliosimama unafuata mistari ya mbao. Hukutana na jicho kama mpaka wa mbao mbili zilizounganishwa kwa gundi, jambo ambalo hata meza halisi inalo. Mara nyingi hutosha kuupunguza kidogo. Mshono uliolala ndio adui, kwa kuwa unakata kila mstari njiani. Fundi aanze na huo.

Zana ya kwanza ni ile ya kunakili, iitwayo Clone. Fundi huchagua mahali pa kuchukua rangi, kisha hupaka mahali pengine. Brashi iwe ndogo, yenye ukingo laini. Mahali pa kuchukulia pawe juu au chini ya mshono, juu ya mstari ule ule au unaofanana nao, na mkono uende kwa kufuata urefu wa ubao, usikate kwa upande. Mstari mweusi ukishuka hadi kwenye mshono usipopata mwenzake, uelekezwe polepole ufikie ulio karibu, au ufifizwe uishe kama mistari mingi ya mbao inavyoisha yenyewe. Mahali pa kuchukulia pabadilishwe mara kwa mara, maana anayechukua mahali pamoja tu ataacha alama pacha.

Mistari ikisha kuunganika, hutumika zana ya pili, iitwayo Heal, kusawazisha tofauti ndogo za rangi. Zana hii isitangulie. Ikitumika mahali penye tofauti kubwa ya weusi na weupe huacha ukungu.

Sharti moja lishikwe wakati wote: brashi isifike kwenye kingo za nje za picha. Anayezigusa anashona kwa mkono mmoja na kufumua kwa mwingine.

Programu hii ina pia amri ya haraka iitwayo Tile Seamless, inayofanya kazi yote kwa hatua moja. Amri hiyo huichanganya picha na nakala yake iliyosogezwa. Kwa mchanga au majani hufaa. Kwa mbao huonyesha mistari miwili, mmoja kama kivuli cha mwenzake, na seremala yeyote ataona mara moja kwamba hakuna mti wa namna hiyo.

6. Kupima kazi

Kipimo cha kwanza ni kurudia amri ya Offset kwa hesabu zile zile. Nusu na nusu hufanya kizima, hivyo picha hurudi mahali pake pa awali. Msalaba mpya ukitokea katikati, kingo ziliguswa, na sehemu hiyo irekebishwe.

Kipimo cha pili ni kuitandaza. Meza yenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 itahitaji vigae 4 kwa urefu na 4 kwa upana, jumla 16. Picha nzima inakiliwe, kisha ifunguliwe picha mpya yenye pikseli 4096 kwa 8192 na kujazwa kwa nakala hiyo. Fundi aitazame akiwa amesimama mbali, hatua tatu au nne. Karibu huonekana mshono. Mbali huonekana marudio. Doa dogo jeusi lisiloonekana kuwa tatizo katika kigae kimoja litaonekana mara 16 likiwa limejipanga kama vifungo vya shati. Doa hilo liondolewe katika kigae cha asili, na kazi ipimwe tena.

7. Kuhifadhi

Faili ya asili ihifadhiwe kwa umbo la XCF, ambalo ni la programu yenyewe, na nakala ya kutumia ihifadhiwe kwa umbo la PNG, lisilopoteza kitu. Umbo la JPEG hupoteza sehemu ya picha kila linapohifadhiwa upya, na kingo zilizokwisha kulingana huweza kuharibika. Jina la faili litaje aina ya mbao, vanishi na ukubwa halisi wa kipande. Bila ukubwa huo, mistari itachorwa minene au myembamba kuliko ilivyo. Kwa karatasi za kuchapwa, chama kikumbuke kwamba pikseli 2048 zikichapwa 300 kwa kila inchi hutoa takriban sentimita 17 tu.

8. Picha na ukweli

Picha isiyo na mshono ina nguvu ya kushawishi, na hapo ndipo jina la chama linapowekwa rehani. Mvule uliokatwa karibuni una rangi ya manjano, na mwanga huugeuza kuwa wa kahawia kadiri siku zinavyopita. Mninga huanzia kahawia ya dhahabu hadi kahawia iliyoiva wekundu, na mbao za miti miwili hazifanani. Mnunuzi aliyeonyeshwa picha moja tu ataamini kwamba ameahidiwa rangi hiyo moja. Samani ikifika nyumbani ikiwa tofauti, hatailaumu kompyuta. Atakilaumu chama, na majirani zake watasikia.

Kwa hiyo chama kiwe na picha mbili za kila aina ya mbao, ya rangi iliyofifia na ya rangi iliyokolea. Rangi isiongezwe wekundu ili kumpendeza mnunuzi. Kila karatasi ya mchoro iandikwe kwamba picha ni mfano, na kwamba kila ubao una mistari yake. Vipande halisi vilivyopakwa vanishi viwekwe ofisini ili mnunuzi avishike kwa mkono, na kwa mvule kiwepo kipande kipya na kilichokaa. Mnunuzi akisharidhika, atie sahihi juu ya mchoro, na nakala ibaki katika jalada la chama. Mwisho, picha zitoke katika mbao za chama chenyewe. Chama kinachoonyesha picha ya mbao kisiyokuwa nayo kinauza mali ya mwingine.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Kwa nini kingo za picha huletwa katikati badala ya kurekebishwa zilipo?
2. Picha ya upana wa pikseli 2048 isogezwe pikseli ngapi kwenda kulia? Ni safu zipi mbili zitakazokuwa kingo mpya?
3. Eleza kwa nini mshono unaokata mistari ya mbao ni mgumu kuliko ule unaoifuata.
4. Mnunuzi amekataa kabati la mvule akisema picha ilikuwa ya manjano zaidi. Kamati ingefanya nini kabla ya kazi kuanza ili shauri hilo lisitokee?

Kazi ya kikundi: Wanachama wachague ubao mmoja kutoka katika ghala la chama, waupige picha, watengeneze kigae kimoja kwa hatua zilizoelezwa, kisha wakiweke kando ya ubao wenyewe mbele ya mkutano na kuwaomba mafundi wazee waseme ni wapi picha inasema uongo.