SOMO: KUPIMA ZIWA NA MITI ILIYOZAMA

Wahenga walinena, Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Neno hili lawahusu hasa wakaao kando ya Ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa, nchi ya Kenya.

Ziwa hili halina mto utokao. Kwa hiyo mvua ikizidi hupanda, na jua likizidi hushuka. Tangu mwaka wa 2010 lilipanda sana, hata mwaka wa 2020 maji yakaingia katika nyumba za watu wa Kihoto. Migunga ya ufukoni ilizungukwa na maji, ikafa kwa kuwa mizizi yake ilikosa hewa. Mti uliokufa huvunjika, na kisiki hubaki chini, hakionekani. Katika Ziwa Volta, nchi ya Ghana, lililotokea kwa bwawa la Akosombo lililomalizika mwaka wa 1965, miti mingi ilifunikwa na maji bila kukatwa, na watu wengi wamekufa kwa mashua kugonga visiki.

Basi yafaa kupima, na kazi yenyewe ni hivi:

1. Simamisheni mti wenye alama mahali penye maji matulivu, mkaandike usawa wa maji kila siku. Bila hesabu hiyo, kina kilichopimwa leo hakitafaa kitu ziwa likipanda au kushuka.

2. Chagueni alama mbili za nchi kavu zilizo katika mstari mmoja, mwende kwa mashua mkiufuata mstari huo. Kila mwendo sawa, shusheni bildi, yaani risasi iliyofungwa ugwe wenye alama za meta. Ipakeni mafuta chini. Itapanda na tope au mchanga, nanyi mtajua ardhi ya chini ilivyo.

3. Bildi yaweza kupita kati ya visiki. Kwa hiyo mashua mbili zivute kamba yenye uzito, iliyoshushwa kina kimoja. Inaponasa, wekeni chelezo, mkaandike mahali hapo kwa kutazama alama za pwani.

Wapimaji wa sasa wanacho chombo kipelekacho sauti chini na kuhesabu muda wa mwangwi. Sauti hupita majini kadiri ya meta 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja katika mia ya sekunde, umekwenda na kurudi meta 15, na kina ni meta 7 na nusu. Lakini asiye nacho asiache kupima.

Wala msikate miti yote: ndege hutua juu yake na samaki hujificha chini yake. Ondoeni ile tu iliyo katika njia ya mashua. Kisha mwalimu achore ramani, na chifu aitundike barazani, ili kila mvuvi aione kabla hajashika kafi.