WOGA WA KUSHIKA VOLANI MARA YA KWANZA
Somo kwa wamama wa kiliniki



Siku nyingi hapa tunafundisha juu ya kunyonyesha, chanjo, chandarua na maji safi. Leo tunasema juu ya jambo lingine: woga wa mama anayejifunza kuendesha motokari mara ya kwanza. Labda mumoja atauliza: "Ile si kazi ya oto-ekoli? Inaingia namna gani kwa kiliniki?" Inaingia kwa sababu woga ni jambo la mwili, na mwili ndiyo kazi yetu. Tena wamama wengi wanaendesha siku hizi: mwenye duka, mwalimu, muuguzi, mujane aliyeachiwa motokari na bwana wake. Na kuna nyumba ambamo motokari iko, funguo iko kwa musumari, lakini bwana akiwa safarini hakuna mutu wa kuishika.

1. Maneno ya woga

Wamama wanasema hivi:

"Nikikaa mbele ya volani, mikono inatoka jasho na muguu unatetemeka."

"Nitaua mutoto wa mutu."

"Motokari itazimika katikati ya njia, na watu watanicheka."

"Mimi nimezeeka, kichwa hakishiki tena."

Hakuna hata neno moja hapa la upumbavu. Kila neno liko na jibu lake. Tuyaangalie pole pole.

2. Mwili unafanya nini wakati wa woga?

Juu ya kila figo kuna kitu kidogo kinachotengeneza dawa ya mwili inayoitwa adrenalini. Ubongo ukiona hatari, dawa ile inaingia katika damu mara moja. Moyo unapiga mbio. Pumzi inakuwa fupi. Damu inaenda kwa mikono na miguu, na tumbo linabaki kama limefungwa. Mikono inatoka jasho. Ni mwili unajitayarisha kukimbia nyoka.

Lakini kwa motokari hakuna pa kukimbilia, umekaa kwa kiti. Basi nguvu yote ile inabaki mikononi na miguuni, na ndiyo inatetemeka. Kutetemeka si ugonjwa, wala si alama ya kama huwezi. Hatari ikipita, adrenalini inapunguka kwa dakika kidogo tu, na mwili unarudi.

Unaweza kuusaidia mwili urudi upesi. Fanya hivi: vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4. Kisha itoe kwa kinywa pole pole ukihesabu mpaka 6. Rudia mara tano. Pumzi ndefu ya kutoka inatuliza moyo. Jaribu sasa hapa kwenye benchi, pamoja na jirani yako.

3. Woga muzuri na woga mubaya

Woga kidogo ni rafiki. Unakufanya uangalie watoto kando ya njia, upunguze mwendo sokoni, usipite lori kwa kona. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kama katika mwaka 2021 watu karibu milioni 1 na 190 000 walikufa kwa aksida za barabara duniani. Kwa watu wa miaka 5 mpaka 29, aksida ya barabara ndiyo inaua kupita ugonjwa wo wote. Mutu asiyeogopa motokari hata kidogo, usipande naye.

Woga mubaya ni ule unaofunga akili: macho yanaganda mbele ya kapo, masikio hayasikii mwalimu, muguu unakanyaga mahali si pake. Woga huo hauondoki kwa kuambiwa "usiogope." Unaondoka kwa kufanya kitu kidogo mara nyingi, mpaka mwili uzoee.

4. Mama aliyetangulia

Inafaa mujue jambo hili. Safari ndefu ya kwanza ya motokari ilifanywa na mama. Jina lake Bertha Benz, wa inchi ya Udachi. Mwaka 1888, mwezi wa nane, alitoka muji wa Mannheim na watoto wake wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, akaenda kwa mama yake huko Pforzheim, safari ya kilomita mia moja na zaidi. Bwana wake Carl ndiye alitengeneza motokari ile, lakini hakuaga bwana kama anaichukua.

Hakukuwa na kituo cha esanse. Alinunua mafuta kwa mwenye kuuza dawa katika muji wa Wiesloch. Muferezi wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Freni za mbao zilipokwisha, alimwomba fundi wa viatu apigilie ngozi. Kwa milima, motokari haikuwa na nguvu, basi watoto walisukuma. Alifika. Wala hakukuwa na mwanamuke mwingine wa kumuonyesha njia.

5. Namna ya kuzoea: hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza: motokari isimame, motere izimwe. Kaa kwa kiti. Sogeza kiti mpaka muguu ufike mwisho wa ambreyaje bila kunyoosha goti kabisa. Weka vioo. Gusa freni, ambreyaje, akselerateri, freni ya mukono, ukitaja majina yao. Kisha ufanye vile vile bila kuangalia chini. Fanya siku mbili au tatu.

Hatua ya pili: kiwanja cha mupira wakati hakuna watu, pamoja na mwalimu mwenye permi. Washa motere. Enda metre kumi, simama. Metre kumi tena, simama. Kusimama ndiyo somo la kwanza. Mama anayejua kusimamisha motokari woga wake unapunguka nusu.

Hatua ya tatu: njia ya kimya, asubuhi mapema. Angalia mbali, usiangalie puani mwa motokari. Mikono inafuata macho. Ukikodolea shimo, utaingia shimoni.

Hatua ya ine: sokoni, mulimani, na mwisho usiku au mvua.

Usiruke hatua. Dakika 30 kila siku zinapita saa tano za siku moja kwa juma. Mwili unajifunza hata wakati wa kulala, kama ulivyojifunza kubeba ndoo kwa kichwa. Na juu ya uzee: mwenye miaka 45 anaweza kuhitaji siku nyingi kuliko kijana, lakini kichwa kinashika.

Fuata tena sheria ya inchi: uwe na permi yako mbele ya kuendesha peke yako.

6. "Motokari itazimika"

Ndiyo, itazimika. Inazimika kwa wote. Sikiliza sababu: motere inazunguka, magurudumu yamesimama. Ambreyaje ndiyo inaviunganisha. Ukiachilia muguu wa ambreyaje kwa haraka, magurudumu mazito yanakamata motere gafula, na motere inakufa. Hakuna kitu kimevunjika. Kanyaga freni, rudisha vitesi katikati, washa tena. Mwenye kupiga klaksoni nyuma yako, mwache apige.

Kwa mulima, kama milima yetu ya Bukavu na Butembo: vuta freni ya mukono. Weka vitesi ya kwanza. Achilia ambreyaje pole pole mpaka sauti ya motere ibadilike na motokari itetemeke kidogo. Ndipo ongeza mafuta kidogo na ushushe freni ya mukono. Motokari haitarudi nyuma.

Neno moja tena kwa sisi wa mashariki. Kwetu Kongo tunatembea kuume kwa barabara, lakini motokari nyingi zinazofika kwetu ziko na volani kuume vile vile. Ukiwa nyuma ya lori, huwezi kuona kama njia ni wazi. Basi usipite. Ngoja. Na ukivuka mupaka wa Kasindi kuingia Uganda, kule wanatembea kushoto. Simama, pumua, jikumbushe.

7. "Nitaua mutoto wa mutu"

Dawa ya woga huu ni mwendo mudogo. Kwa kilomita 60 kwa saa, motokari inapita karibu metre 17 kila sekunde. Kwa kilomita 30, inapita metre 8 tu. Mutoto akiruka njiani, mutu anahitaji karibu sekunde moja mbele ya muguu kugusa freni. Hesabu mwenyewe: kabla freni haijaanza kazi, mwenye mbio amekwisha kupita metre 17. Mwenye kwenda pole amepita 8. Zile metre 9 ndizo uzima wa mutoto.

8. Mama asiendeshe wakati gani?

— Akikula dawa za kuleta usingizi, kama diazepamu, fenobarbitali, prometazini, au dawa zingine za mafua na za kujikuna. Uliza muuguzi.

— Akiwa hakulala juu ya mutoto mudogo. Usingizi kwa volani ni kama pombe.

— Akikunywa pombe, hata kidogo.

— Akiwa na kifafa. Aone muganga kwanza.

— Kama hawezi kusoma nambari ya motokari iliyo metre 20 mbele yake. Apimwe macho.

— Kiisha kuzaa kwa kupasuliwa, mpaka aweze kukanyaga freni kwa nguvu bila maumivu. Mara nyingi ni majuma 6. Uliza hapa.

Mama mwenye mimba anaweza kuendesha kama ana afya. Mukaba wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Mukaba wa juu upite katikati ya matiti. Tumbo likikaribia volani, sogeza kiti nyuma. Muguu usipofika tena vizuri kwa freni, mwachie mwingine. Lakini kama kichwa kinauma sana na macho yanaona giza, kama damu inatoka, au maji yamepasuka, usiendeshe mwenyewe. Upelekwe hopitali mara moja.

Mutoto asikae kwa mapaja ya mwenye kuendesha, hata siku moja.

9. Siku ya hatari si siku ya kujifunza

Hili ndilo neno kubwa la leo. Mutoto anapata homa na degedege saa nane za usiku. Bwana hayuko. Mama anakumbuka funguo kwa musumari. Hajashika volani hata mara moja, na sasa anataka kuanza, kwa giza, na mutoto mugonjwa kwa kiti. Wamama, usiku huo si wa kuanza. Tafuta jirani, tafuta mwenye piki-piki unayemjua, piga simu. Mama aliyeanza miezi sita mbele yake, yule ndiye atawasha motokari na kufika.

Basi anza wakati nyumba iko na amani. Na hata ukijua kuendesha, panga leo: nani ataamshwa usiku, namba yake ya simu ni gani, feza ya esanse iko wapi.

10. Neno kwa mwenye kufundisha, na kwa bwana

Usipige kelele. Kelele inaleta adrenalini, adrenalini inafunga masikio, na mama hatasikia neno "freni." Sema neno moja moja. Kama bwana na bibi wanagombana kwa motokari, bora mwalimu mwingine afundishe.

Zamani Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilitaka mwanamuke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana kwa mapatano mengi ya sheria. Mwaka 2016 ulazima ule uliondolewa. Lakini kusikilizana nyumbani kunabaki dawa nzuri.

11. Woga usioisha

Kuna mama aliyeona aksida, au aliyekimbia vita kwa lori. Kila akisikia freni, anaona tena mambo yale. Anayaota usiku, anakataa kupanda motokari yo yote. Hiyo si wazimu, wala si uvivu. Ni kidonda cha roho, na kiko na matunzo. Usimlazimishe kushika volani. Amwambie muuguzi wa kiliniki pembeni, si mbele ya watu.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Mikono inatoka jasho kwa sababu gani?
2. Woga muzuri unatusaidia namna gani?
3. Mama mwenye mimba afunge mukaba wapi?
4. Dawa gani nyumbani kwako zinaleta usingizi?
5. Mutoto akigonjwa usiku wa leo, utaamusha nani? Jibu hili mbele ya jua kushuka.