Namba ya Biashara Ikae kwenye Kitochi, Sio kwenye Simu Janja

Wengi mmekuwa mkiniuliza natumia vifaa gani na programu gani kwenye biashara yangu ya vitenge na magauni. Najua mnategemea nitaje simu ya bei kubwa na ile taa ya duara ya kupigia picha. Taa ninayo na inasaidia, lakini kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni kitochi. Ndiyo, kile kile cha vitufe chenye tochi juu, nilikinunua kwa elfu 30 hivi.

Sababu ni hii. Laini yangu ya biashara, ile iliyosajiliwa WhatsApp Business na ndiyo inayopokea pesa, inakaa ndani ya kitochi. Simu janja ina laini nyingine kabisa, ya bando tu. Watu wengi hawajui kwamba WhatsApp hailazimishi laini iwe ndani ya simu hiyo hiyo. Unaposajili inatuma tarakimu 6 kwa SMS. SMS inaingia kwenye kitochi, unaisoma, unaiandika kwenye simu janja, basi. Baada ya hapo WhatsApp inaendelea na bando la laini yoyote. Na pesa unaangalia kwa *150*00# kama ni M-Pesa, au kwa menyu ya mtandao wako, kwenye kitochi hicho hicho.

Sasa fikiria anayevizia simu stendi. Anavizia simu janja. Kitochi hakigusi hata ukikisahau mezani! Akiondoka na simu janja ameondoka na kioo na betri. Namba wanayoijua wateja bado unayo mkononi, na pesa zako ziko salama.

Kuna mama jirani yangu anauza dagaa kwa oda, anawapeleka Bunda na Butiama. Simu yake ilichomolewa kwenye msongamano wa kupanda gari, na kila kitu kilikuwa humo humo: laini ya pesa, WhatsApp, majina ya wateja, oda za wiki ile. Kurudisha laini kulitaka aende na namba ya NIDA na kuweka alama za vidole, hiyo ilikuwa rahisi. Kilichomuumiza ni pale alipofungua WhatsApp kwenye simu mpya akakuta nyeupe. Hakukuwa na chati hata moja. Wateja waliokuwa wamelipa nusu walimwona kimya siku nne, wakaanza kuambiana kwamba ni tapeli. Mpaka leo kuna kundi moja la Bunda hajaweza kurudi kuuza.

Na jamani, alikuwa amewasha bakapu. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana naamini nusu yenu mko hivyo hivyo bila kujua.

Fungua WhatsApp, nenda kwenye mipangilio, kisha chati, kisha sehemu ya kuhifadhi nakala. Angalia tarehe ya nakala ya mwisho. Simu nyingi zimewekwa zihifadhi kwa Wi-Fi peke yake. Wewe wa Nyasho au Nyamuswa unayetumia bando mwaka mzima, hiyo Wi-Fi inatoka wapi? Simu inasubiri Wi-Fi kila usiku, haiipati, inalala. Badilisha iruhusu na data ya simu. Toa video kwenye nakala, maana ndizo zinazomaliza bando. Ukiweka kila siku, ya kwanza itakuwa nzito, zinazofuata sio sana. Kwa Android nakala inakwenda kwenye akaunti yako ya Google, ambako unapewa GB 15 za bure kwa barua pepe, picha na mafaili yote kwa pamoja. Kwa hiyo punguza takataka humo, nafasi ikijaa nakala inasimama.

Majina ya wateja nayo yaangalie. Yakihifadhiwa kwenye laini au kwenye simu, yanakwenda na laini au simu. Chagua yahifadhiwe kwenye akaunti ya Google. Kazi ya dakika mbili.

Halafu akaunti yenyewe ya Google. Ukinunua simu mpya, Google inaweza kutaka kuthibitisha kwamba ni wewe, na mara nyingine inatuma swali kwenye ile simu iliyoibiwa. Weka namba ya kitochi kama namba ya kurudishia akaunti. Ukiwasha uthibitishaji wa hatua mbili, Google inakupa pia namba 10 za akiba, kila moja inatumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi, karatasi ikae nyumbani na vyeti vya watoto. Usizipige picha ukazihifadhi kwenye simu, hapo utakuwa umefungia ufunguo ndani ya nyumba.

WhatsApp nayo ina PIN yake ya tarakimu 6, ya uthibitishaji wa hatua mbili. Iweke leo. Mtu akipata ile namba ya SMS bado atakwama kwenye PIN. Na ile namba ya SMS hapewi mtu, hata ajiite huduma kwa wateja, hata ajiite shemeji.

Kitochi kina faida nyingine ninayoithamini sana. Mteja akikutumia skrinshoti ya malipo, wewe hutazami skrinshoti. Unatazama salio kwenye kitochi. SMS za uongo nazo zinaandikwa vizuri siku hizi, kwa hiyo salio ndilo linaloamua kama mzigo unapanda gari au haupandi. SMS ya kitapeli ikiingia, itume kwenda 15040 na namba iliyoituma. Na piga *106# uone ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ifungwe.

Vingine nivipitie haraka. Pawabanki: ya mAh 20,000 haitajaza simu ya mAh 5,000 mara nne, umeme mwingine unapotea njiani. Ikijaza mara mbili na nusu hadi tatu hiyo ni nzima. Ukiishika ikawa nyepesi kama boksi tupu, irudishe mezani.

Majibu ya haraka ya WhatsApp Business yananiokolea vidole. Nikiandika /bunda yanatoka maelezo yote: gari linaondoka saa ngapi, nauli ya mzigo, achukulie stendi. /butiama inamwambia achukulie Makutano au alipie bodaboda mpaka kwake.

Laptopu yangu ni ya mtumba. Ukitaka kununua kama hiyo, jua kwamba Microsoft waliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Uliza kabla ya kutoa hela. Mimi kazi yake kubwa ni daftari la wateja kwenye Google Sheets: jina, namba, eneo, alichochukua, tarehe, anadaiwa kiasi gani. Ctrl na F, naandika jina, namwona. Pia nimeiunganisha na WhatsApp. Simu ikizima au ikipotea, laptopu inaendelea kupokea ujumbe mpaka siku 14. Nikisajili namba kwenye simu mpya, ile ya mwizi inatolewa na laptopu pia inatoka, naiunganisha upya.

Jumapili hii, kabla oda za Jumatatu hazijaanza, fanya jaribio. Zima simu janja, mpe mtu wa nyumbani aifiche. Chukua kitochi chako, ile karatasi, na kompyuta au simu ya mtu unayemwamini. Jaribu kuingia kwenye akaunti yako ya Google na uone kama majina ya wateja na daftari lako vipo. Ukimaliza toka kwenye akaunti, usiiache wazi kwenye kifaa cha mwenzako. Ukikwama mahali, hapo ndipo ungekwama siku ya kuibiwa, ila leo simu iko chumba cha pili.