PCOS na Kutafuta Mtoto: Daktari wa Wanawake Anajibu

Swali: Daktari, nina miaka 28. Hedhi yangu huja baada ya miezi miwili, wakati mwingine mitatu. Nimepigwa ultrasaundi nikaambiwa nina vivimbe vingi vidogo kwenye ovari zote mbili. Kweli nitazaa?

Jibu: Uwezekano ni mkubwa, dada yangu, na asikuite mtu tasa. Hivyo si vivimbe vya kukatwa. Ni vijifuko vya mayai machanga vilivyoanza kukua vikakwama. Homoni za kiume zimezidi, na kwa wengi insulini nayo iko juu, ikiichochea ovari izidi kuzitoa. Yai halipevuki, halitoki, na hedhi inachelewa. Lakini mayai unayo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana hali hii, iitwayo PCOS (sindromu ya ovari zenye vijifuko vingi).

Ila ultrasaundi peke yake isikuhukumu. Kwa mtu mzima tunatafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyoeleweka, dalili za homoni za kiume kama ndevu na chunusi sugu (au kipimo cha damu), na ovari zenye vijifuko vingi. Kabla ya hapo tunapima tezi ya shingo na prolaktini (homoni ya maziwa), maana nazo huvuruga hedhi.

Swali: Programu ya simu inaniambia siku ya 14 ndiyo ya kushika mimba.

Jibu: Si kwako. Yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Hedhi ikija siku ya 60, lilitoka karibu na siku ya 46. Hata vipimo vya mkojo vya kutambua yai hudanganya kwenye PCOS. Kutaneni kila baada ya siku mbili au tatu.

Swali: Mama mkwe ameniletea dawa ya kusafisha kizazi. Nimeinywa, sioni kitu.

Jibu: Mshukuru kwa upendo wake, dawa iache. Kizazi chako si kichafu. Kinachokosekana ni yai kutoka. Inaniuma kuona wanawake wakimaliza miaka na akiba zao kwenye chupa hizi wakati tiba yenyewe ni vidonge vya siku tano. Letrozoli, iliyoanza kama dawa ya saratani ya matiti, ndiyo chaguo la kwanza leo. Kwa kawaida huanza kumezwa siku ya tatu ya hedhi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 kwa wanawake 750 wenye PCOS, waliopewa letrozoli waliojifungua walikuwa asilimia 27.5, dhidi ya 19.1 waliopewa klomifeni, dawa ya zamani zaidi ya kusaidia yai kutoka. Usijinunulie duka la dawa: daktari afuatilie kama yai linapevuka, na mangapi, maana mapacha huwezekana. Metfomini, dawa ya kisukari, nayo husaidia baadhi.

Swali: Mume wangu hataki kupimwa. Anasema ana mtoto tayari.

Jibu: Mtoto wa miaka ile hathibitishi mbegu za leo. Kipimo cha shahawa ni rahisi kuliko vyote unavyopitia wewe, na kifanyike kabla hujameza kidonge. Mirija yako nayo ichunguzwe ukiwahi kuugua maambukizi ya nyonga.

Swali: Nipunguze uzito kwanza?

Jibu: Kama umezidi, kupunguza asilimia 5 tu ya uzito huweza kurudisha hedhi; kwa mwenye kilo 90 ni kilo nne na nusu. Punguza soda na sukari, tembea kila siku. Wembamba nao hupata PCOS; hao wasijinyime chakula.

Swali: Nisubiri mwaka mzima kabla ya kumwona daktari?

Jibu: Mwaka ni kwa mwenye hedhi ya kawaida. Wewe nenda sasa, na uanze asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku. Mimba ikiingia, fika kliniki kabla ya wiki ya 12 na useme wazi kuwa una PCOS, kwa sababu kisukari cha mimba na shinikizo la damu hukupata kirahisi zaidi. Omba wakupime sukari mapema, kisha tena kati ya wiki ya 24 na 28.