Kwa Nini Masika Humwagika Tengeru na Kuipunja Ngarenanyuki

Katika juma la mvua kubwa la mwezi Aprili, mtu anaweza kuondoka Tengeru akiwa amelowa chapachapa, akapita Usa River matope yakiwa yamejaa barabarani, akauzunguka Mlima Meru kwa njia ya Momella, na kufika Ngarenanyuki akawakuta wakulima wa nyanya wakisubiri zamu ya maji ya mfereji. Mlima ni uleule, siku ni ileile, na bahari iliyotoa mvuke ni ileile.

Wazee wengi husema mlima huvuta mvua. Kauli hiyo imetokana na kuangalia kwa makini kwa vizazi vingi, na kwa sehemu kubwa ni sahihi: penye mlima pana mvua. Hata hivyo, mlima hauna nguvu ya kuvuta. Unachofanya ni kuilazimisha hewa ipande. Tukielewa vizuri kinachoipata hewa inapopanda, na kinachoyapata maji yanaposhuka, juma zima la masika linasomeka.

Hewa ina uzito

Tuanze na kitu tusichokiona. Usawa wa bahari, kama Tanga au Dar es Salaam, mita moja ya ujazo ya hewa ina takribani kilo 1.2. Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ina takribani kilo 1. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 48, kwa hiyo hewa iliyomo inakaribia uzito wa mfuko mmoja wa saruji.

Hatulemewi nao kwa sababu hewa inatusukuma kutoka kila upande, na miili yetu inasukuma kwa kiasi kilekile. Msukumo huo ndio kanieneo ya hewa. Unatokana na hewa yote iliyolaliana juu yetu. Ukipanda mlima unaacha sehemu ya hewa hiyo chini yako, na kanieneo inapungua. Mwaka 1648 nchini Ufaransa, Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, alipanda mlima Puy de Dôme na bomba lenye zebaki. Kileleni zebaki ilisimama chini zaidi kuliko ilivyosimama bondeni. Mpishi wa Arusha anaupata ushahidi huohuo jikoni: maji yake huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, si 100 kama ya Tanga, na ndiyo maana maharage yake hukaa motoni muda mrefu zaidi.

Hewa inayopanda hupoa

Sasa chukua fungu moja la hewa ulipandishe mlimani. Kadiri linavyopanda, kanieneo inayolibana inapungua, nalo linatanuka. Ili litanuke, lazima liisukume hewa ya jirani ipishe. Kusukuma ni kazi, na kazi inahitaji nishati. Nishati hiyo inatoka kwenye joto la fungu lenyewe. Halijaguswa na barafu wala halijaingia kivulini, lakini limepoa.

Fundi wa pancha anazijua pande zote mbili za kanuni hii. Akijaza upepo kwa pampu ya mkono, pampu inapata moto kwa sababu hewa inabanwa. Akifungua valvu, upepo unaochomoka ni wa baridi kwa sababu hewa inatanuka. Hewa ambayo bado haijafanya wingu hupoa kwa karibu nyuzijoto 1 kila inapopanda mita 100, na ikishuka hupata joto kwa kiasi hichohicho.

Kikombe cha bati kinachopima wingu

Ndani ya hewa mna mvuke wa maji, gesi isiyoonekana kwa macho, na kiasi chake kina kikomo kinachotegemea joto. Kwenye nyuzijoto 30, mita moja ya ujazo inaweza kuwa na gramu 30 hivi za mvuke. Kwenye 20 ni gramu 17, na kwenye 10 ni gramu 9 tu. Hewa ikipoa hadi kukifikia kikomo, mvuke unaozidi hurudi kuwa maji. Joto ambalo jambo hilo huanzia huitwa kiwango cha umande, nacho unaweza kukipima nyumbani.

Pima kwanza joto la hewa kivulini. Kisha chukua kikombe cha bati kilichokauka vizuri kwa nje, mimina maji ya kawaida, tia kipimajoto, na uongeze maji ya friji kidogokidogo huku ukikoroga. Usiondoe macho kwenye ubavu wa kikombe. Mwanzoni bati linang'aa. Baadaye, kuanzia usawa wa maji kushuka chini, mng'ao unafifia kwa utando mwembamba. Ukipitisha kidole unaacha mstari. Hapohapo soma kipimajoto.

Tuseme hewa ina nyuzijoto 22 na kikombe kimeanza kutoka jasho kwenye 16. Tofauti ni 6. Hewa inayopanda hukikaribia kiwango chake cha umande kwa nyuzijoto 1 kila mita 125, kwa kuwa kiwango chenyewe nacho hushuka kidogo hewa inapotanuka. Sita mara 125 ni 750. Ongeza mita 1,400 za Arusha, unapata 2,150. Sasa inua macho uutazame Meru, wenye mita 4,562: hapo ubavuni, kwenye ukanda wa msitu, ndipo wingu linapoanzia. Mpanda mlima anayepumzika Miriakamba Hut, mita 2,500 hivi, siku hiyo yumo ndani ya wingu lenyewe.

Rudia kipimo hicho kila siku kwa juma zima. Siku za mvua tofauti inakuwa ndogo na wingu linakaa chini. Siku kavu tofauti inapanuka na wingu linapanda. Kikombe hakichukui nafasi ya utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, lakini kinakuonyesha msingi wa sehemu ya utabiri huo.

Wingu, hata hivyo, bado si mvua. Tone la wingu lina kipenyo cha takribani sehemu 2 za mia za milimita, na limejishikiza kwenye chembe ya vumbi, moshi au chumvi ya bahari. Tone la mvua lenye kipenyo cha milimita 2 linalizidi kwa upana mara 100, maana yake limebeba maji ya matone milioni moja ya wingu. Kukua namna hiyo kunataka muda na hewa inayoendelea kupanda, ili matone yagongane na kuungana. Ndiyo maana mawingu mengi hupita bila kudondosha kitu.

Mvuke wa masika unatoka wapi

Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Arusha. Jua hupita utosini mwa Arusha mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na tarehe 1 Oktoba. Katika ukanda ambao jua linapiga wima, hewa hupata joto na kupanda, na pepo hukimbilia nafasi inayoachwa: kaskazi kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini mashariki. Zinapokutana hazina pa kwenda ila juu. Ukanda huo wa makutano hulifuata jua kwa kuchelewa majuma kadhaa, maana bahari na nchi kavu huchelewa kupata joto. Kwa hiyo kilele cha masika huja Aprili, si katikati ya Machi.

Wakati huo kusi inashika nafasi ya kaskazi. Ikivuma kilomita 20 kwa saa, hewa iliyokuwa juu ya maji ya Tanga hufika Meru baada ya saa 16 hivi. Njiani milima ya Usambara na Pare huchukua fungu lake, lakini kinachobaki ni kingi.

Mvuke huo umebeba pia joto. Jua lilitumia karibu jouli milioni 2.5 kugeuza kila lita ya maji ya bahari kuwa mvuke, na mvuke unaporudi kuwa maji ndani ya wingu hulirudisha joto hilo lote. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya kilomita moja tu ya mraba, ni lita milioni 20 za maji, na joto lililoachiwa angani ni jouli trilioni 50. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lingehitaji kuzungusha mitambo yake yote tisa kwa zaidi ya saa sita na nusu ili kuzalisha nishati hiyo. Kwa sababu ya joto hilo, hewa iliyo ndani ya wingu hupoa polepole zaidi inapopanda, takribani nyuzijoto 0.55 kwa mita 100. Inabaki na joto kuliko hewa ya jirani, nayo inazidi kupaa yenyewe.

Pande mbili za mlima mmoja

Sasa tufanye hesabu ya safari nzima. Hewa ya kusi inafika kusini mwa Meru kwenye mita 1,400 ikiwa na nyuzijoto 22. Inapanda mita 750 bila wingu na kupoa hadi 14.5. Hewa nyingi huuzunguka mlima badala ya kuuruka kileleni, kwa hiyo tuiachie ifike mita 3,000 tu. Mita 850 zilizobaki inazipanda ikiwa wingu, na kupoa hadi karibu nyuzijoto 10. Maji inayoyadondosha njiani yanaangukia Akeri, Poli na Nkoaranga, kwenye migomba na kahawa ya Wameru, na yanaijaza mito ya Usa, Tengeru, Nduruma na Themi inayoelekea Kikuletwa, Nyumba ya Mungu, na hatimaye Pangani.

Kisha hewa inateremka upande wa kaskazini. Maji yake imeshayaacha, kwa hiyo inapata joto kwa kipimo kamili cha nyuzijoto 1 kila mita 100. Inashuka mita 1,600 na kufika chini ikiwa na karibu nyuzijoto 26. Iliondoka na 22! Joto la ziada ni lile lililotolewa na mvuke ulipogeuka mvua upande wa pili. Kikombe cha bati kikitumiwa huku, tofauti haitakuwa 6 tena bali karibu 13, na wingu jipya halitatokea mpaka hewa hii ipandishwe tena hadi mita 3,000. Ardhi ya Ngarenanyuki inaweza kuwa na rutuba nzuri na wakulima wake wakawa hodari, lakini hewa inayowafikia imekwisha kunyesha kwa wengine. Mfereji kutoka mlimani ni njia yao ya kuchukua sehemu ya mvua iliyoangukia juu.

Upepo unaotangulia mvua

Kila mkazi wa Arusha anaijua dalili hii. Mchana umetulia, mara upepo wa baridi unapiga ghafla, mabati yanagonga, na wauza nguo wanakimbilia maturubai. Dakika chache baadaye mvua inashuka.

Sababu yake ni uzito uleule tulioanza nao. Matone yanapoanguka kutoka wingu kubwa, baadhi yake huyeyukia hewani kabla ya kugusa ardhi, na kila lita inayogeuka mvuke hunyang'anya joto kwenye hewa inayoizunguka. Hewa hiyo inapoa, inakuwa nzito, inaporomoka, na ikigonga ardhi inatawanyika pande zote. Kingo zake hukimbia mbele ya mvua yenyewe. Upepo huo unakueleza kwamba mvua imeshaanza mahali fulani karibu nawe, mara nyingi upande unaotokea upepo.

Maji yanaposhuka

Weka mkebe wenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi na upime kina cha maji kwa rula. Kila milimita ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita 10 kwa 8 likipata mvua ya milimita 20 limepokea lita 1,600. Hilo ni paa moja. Miteremko ya kusini ya Meru ni kilomita nyingi za mraba, na kati ya kilele na katikati ya jiji pana kilomita 15 tu na mporomoko wa zaidi ya mita 3,000.

Mita moja ya ujazo ya hewa ya Arusha ina kilo 1. Ya maji ina kilo 1,000. Kwa hiyo maji yanayotembea mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu asiye na haraka, husukuma kwa nguvu sawa na upepo wa zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Aprili 2024, jijini Arusha, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji ya mafuriko kwenye korongo, na watoto wakapoteza maisha. Miezi michache kabla, tarehe 3 Desemba 2023, mvua iliyonyesha kwenye Mlima Hanang iliporomosha matope hadi mji wa Katesh na kuua makumi ya watu.

Maji yanayokwenda mita 2 kwa sekunde humaliza kilomita 10 kwa chini ya saa moja na nusu. Maana yake Themi, Naura na Ngarenaro zinaweza kujaa chini ya anga lililokwisha kukauka, kwa mvua iliyonyesha juu mlimani saa moja iliyopita. Dereva wa kifodi, bodaboda na mzazi anayemsindikiza mtoto shule wanapofika kwenye kivuko, wasitosheke kuona kwamba mvua imekatika pale waliposimama. Watazame wingu lililokaa mlimani na rangi ya maji. Yakiwa na rangi ya udongo na yanapanda, wasubiri, hata kama kipindi cha kwanza kitawapita. Na mwalimu wa sayansi mwenye kikombe, kipimajoto na mkebe anaweza kulifundisha jambo hili mwezi Aprili, wakati maji yenyewe yanapita jirani na shule yake.