Kununua Nyumba ya Kwanza: Mwenyewe Yuko Wapi?



Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, somo hili limetokana na ujumbe wa sauti. Mwaka jana, mvua zilipoanza, mjomba wangu alinitumia sauti kutoka Mbau, wilaya ya Mocímboa da Praia, kaskazini ya Cabo Delgado nchini Msumbiji. Kwetu ni huko. Alisema: "Mwanangu, wewe ndiye unayesoma dini. Nimepata nyumba. Ukuta mzima, bati zima, na bei ninaiweza. Niambie tu kama pana ubaya, maana kesho natoa pesa." Mjomba amevuka miaka hamsini na hajawahi kununua nyumba. Ile aliyokuwa nayo aliijenga mwenyewe kwa miti, udongo na makuti, ikaungua katika vita.

Nikamuuliza muuzaji ni nani. Ni kijana, mpwa wa mwenye nyumba. Na mwenye nyumba yuko wapi? Sauti iliyofuata ilichelewa kidogo. "Mara ya mwisho alionekana Palma."

Kwa asiyejua habari za kwetu: vita vilianza mjini Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mji ukatekwa Agosti 2020, na majeshi ya Msumbiji na Rwanda yakaukomboa Agosti 2021, na Mbau mwezi huohuo. Kabla ya hapo, tarehe 24 Machi 2021, Palma ilishambuliwa. Basi mtu aliyeonekana mara ya mwisho Palma huenda yu hai Pemba au Nampula, huenda alivuka Mto Ruvuma, na huenda ameshafika mbele ya haki. Hakuna wa kuapa.

Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tutanunua au kujenga nyumba ya kwanza ndani ya miaka michache baada ya kumaliza chuo. Tutauliza bei, maji, umeme na barabara. Swali la mjomba linatufundisha pa kuanzia.

Unanunua nini hasa?

Vitabu vya fiqhi ya Imam Shafii, madhehebu ya pwani yetu, vinataja masharti matano ya kitu kinachouzwa: kiwe tohara, kiwe na manufaa, kiweze kukabidhiwa, muuzaji awe na mamlaka juu yake, na kijulikane kwa pande zote mbili. Tohara na manufaa havisumbui kwenye nyumba. Kazi iko kwenye yaliyobaki.

Nianze na kujulikana. Katiba ya Msumbiji, kifungu cha 109, inasema ardhi ni mali ya dola, haiuzwi wala haiwekwi rehani. Sheria ya Ardhi namba 19 ya mwaka 1997 inampa mwananchi haki ya kuitumia tu, ile ambayo watu huiita DUAT. Kwa hiyo anayekwambia "nakuuzia kiwanja" anakuuzia asichokimiliki. Kinachouzika ni kile ambacho mkono wa mtu umekiweka juu ya ardhi: kuta, paa, kisima, choo, minazi na mikorosho aliyoipanda. Jengo likiuzwa kihalali, haki ya kutumia kiwanja chake hulifuata. Shamba halifuati hivyohivyo. Panatakiwa idhini ya serikali. Wenzangu Watanzania hucheka nikiwaeleza haya, nami huwakumbusha kwamba Sheria ya Ardhi yao namba 4 ya mwaka 1999 nayo inaifanya ardhi yote kuwa ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Tofauti ni kwamba kwao haki ya kukaa juu ya ardhi inauzika, kwetu haiuziki.

Je, dini inakubali kuuza jengo bila ardhi iliyo chini yake? Inakubali, na suala lenyewe ni la zamani. Wanavyuoni walijadili nyumba za Makka: Imam Abu Hanifa, kama ilivyo katika al-Hidaya, hakuona ubaya kuuza majengo yake ila alichukia kuuza ardhi yake, na Imam Shafii aliruhusu vyote viwili. Muhimu ni maneno ya mkataba yataje kinachouzwa kweli. Ukiandika "kiwanja" wakati umenunua kuta na paa, umeanza na neno la uongo, na siku ya mzozo neno hilo halitakusaidia.

Nani ana mamlaka ya kuuza?

Hapa ndipo penye uzito. Hakim bin Hizam (r.a.) alimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba watu humjia wakitaka bidhaa ambayo hana, naye huwauzia kisha huenda kuinunua sokoni. Mtume (s.a.w.) alimkataza kuuza asichokuwa nacho. Hadithi hii wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi.

Mtu anayeuza mali ya mwenzake bila kutumwa, wanavyuoni humwita fudhuli. Hukumu yake ina hitilafu. Kwa Shafii, katika kauli yake ya baadaye inayotegemewa, mauzo hayo ni batili tangu mwanzo. Kwa Hanafi na Maliki yanasimama yakisubiri: mwenyewe akiridhia yanapita, akikataa yanavunjika. Hoja yao mojawapo ni kisa cha Urwa al-Bariqi (r.a.), aliyepewa dinari moja na Mtume (s.a.w.) anunue mbuzi, akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi pamoja na dinari. Mtume (s.a.w.) alimwombea baraka. Lakini tazama: hata kwa walio wapole zaidi, ridhaa ya mwenyewe lazima ipatikane. Kwa nyumba ya Mbau, ridhaa hiyo ingetoka kwa nani?

Kijana alikuwa na jibu. Alisema kwa mila ya ukoo wa mama, mali ya mjomba hurudi kwa mpwa. Mila hiyo ipo kweli. Wamakua na Wamakonde huhesabu ukoo kwa mama, na mara nyingi mume hujenga upande wa mke. (Kwa sababu hiyohiyo, ukinunua nyumba kwetu kwa mwanamume mwenye mke, nenda ukamuulize mke na ndugu zake kiwanja ni cha nani.) Lakini katika mirathi ya Kiislamu mtoto wa dada ni katika dhawil-arham. Harithi maadamu wapo watoto au ndugu wa marehemu. Mke ana thumni yake kama marehemu ana watoto, na robo kama hana. Na haya yote ni kwa aliyethibiti kufa. Aliyepotea na haijulikani yu hai au amekufa, mafqud, mali yake haigawanywi mpaka upatikane ushahidi wa kifo chake au kadhi ahukumu baada ya muda mrefu.

Nilimweleza mjomba haya yote, naye akakasirika. "Watoto wamelala chini ya turubai, wewe unanisomea vitabu." Sikuwa na jibu. Nililala na maneno yake, na kesho yake nikamtumia swali moja tu: "Mjomba, na mimi ni mpwa wako. Ulipokuwa kambini mwaka mzima bila simu, kama ningeuza minazi yako, ungerudi ukasemaje?" Hakujibu siku ile. Lakini pesa hakutoa.

Ndugu yangu, usidhani huu ni ukali wa vitabu. Wako waliorudi vijijini mwao wakakuta mtu mwingine mlangoni, na aliye mlangoni naye amelipa akiba yake yote kwa mtu ambaye sasa haonekani. Mtume (s.a.w.) ametahadharisha, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba anayechukua hata shibiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama.

Kuandika, mashahidi na arbuni

Aya ya 282 ya Suratul Baqarah inaamrisha deni liandikwe na watu washuhudishe wanapouziana. Tunaisoma kila Ramadhani, kisha tunanunua nyumba kwa kupeana mikono chini ya mwembe. Katika karatasi andikeni mipaka (mwembe wa fulani, njia ya kisimani), vilivyomo, bei, namna ya kulipa, na siku ya kukabidhiana funguo. Wawepo katibu wa mtaa, majirani wa pande zote, na watu wazima wa familia ya muuzaji, wanawake kwa wanaume. Uuzaji wa jengo kwa sheria ya Msumbiji unahitaji hati rasmi pia, kwa hiyo karatasi ya mtaa ni mwanzo tu wa safari.

Arbuni nayo iangalieni. Tuseme nyumba ni meticali 120,000, ukatanguliza 30,000, kisha ukashindwa. Je, muuzaji azile? Madhehebu matatu yamekataza sharti hilo, Hanbali wameruhusu, na Baraza la Fiqhi la Kimataifa katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993 liliruhusu iwapo muda umewekewa kikomo. Basi andikeni tarehe.

Kuna jambo moja katika sheria ile ya 1997 ambalo watu wetu wengi hawalijui. Aliyekaa kwenye ardhi kwa nia njema miaka kumi, au aliyeipata kwa desturi ya jamii yake, ana haki yake hata kama hana cheti, na ushahidi wa mdomo wa wanajamii, wanaume na wanawake, unakubaliwa. Vyeti vingi viliungua pamoja na nyumba, lakini majirani wanaojua mipaka wapo. Haki hiyo anayo mwenye nyumba aliyepotea, na anayo mjomba wangu juu ya kiwanja chake chenye majivu.

Mwalimu wetu wa fiqhi nilipompelekea suala hili alisema mali ya asiyekuwepo huhifadhiwa na kadhi, na pasipo na kadhi, kama Msumbiji, Waislamu waadilifu wa mahali pale husimama badala yake. Nyumba ikiachwa tupu huliwa na mchwa, kwa hiyo wanaweza kuikodisha na kumwekea mwenyewe kodi yake. Ndivyo walivyofanya Mbau. Mjomba anakaa katika nyumba ile kwa kodi ndogo ya mwezi, matengenezo yanaandikwa, na mwenyewe au warithi wake wakija atatoka. Huku anajenga tena kwenye kiwanja chake. Kuta zimefika kifuani, amesema, ila boriti zimepanda bei.

Mkataba una nakala tatu. Moja iko kwa mjomba, moja kwa imamu, na ya tatu imefungwa kwenye bahasha yenye jina la mwenye nyumba.

Wallahu a'lam.