Tumuulize Kwanza



Somo letu ni Marko 10:46-52. Bartimayo, kipofu wa Yeriko, alilia kwa nguvu. Watu wakamkaripia anyamaze. Yesu akamwita, akamuuliza anataka nini. Aliona wazi ni kipofu, lakini aliuliza kwanza.

Na sisi je? Sokoni Kasongo ama njiani Kabambare tunamvuta kipofu mkono, ama tunamuuliza mtoto anayemwongoza: "Huyu mzee anataka nini?" Mzee si ana masikio na kinywa!

Basi, tufanye hivi:

1. Tumsalimu, tutaje jina letu, tumuulize kama anataka msaada.
2. Akikubali, yeye ndiye ashike kiwiko chetu. Tusivute fimbo yake. Ile ndiyo macho yake.
3. Tumwambie mapema: "Hapa mfereji, hapa ngazi."
4. Darasani, tunayoandika ubaoni tuyasome kwa sauti.

Louis Braille wa Ufaransa, kipofu tangu utoto, alitengeneza maandishi ya nukta sita mwaka 1824, akiwa na miaka 15 tu. Nchi yetu nayo ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za walemavu. Lakini sheria haitasoma ubao kwa sauti. Sisi wa darasa la sita tunaanza juma hili.